Nyama Ilipata Mkaguzi, Mchinjaji Hakupata

Siku ya Krismasi mwaka 1865, miezi minane baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha, kampuni za reli za Marekani zilifungua mazizi mapya ya mifugo kusini mwa jiji la Chicago. Mahali penyewe palikuwa kinamasi cha ekari 320. Walikichimbia mitaro, wakatandaza mbao, wakajenga vizimba na kuzifikisha reli hadi mlangoni. Ng'ombe wa Texas na nguruwe wa Iowa wakawa wanateremshwa hapo mchana na usiku. Baada ya mazizi wakaja wenye viwanda: Philip Armour, Gustavus Swift, Nelson Morris. Swift alitengenezesha mabehewa ya barafu, na kuanzia hapo ng'ombe aliyechinjwa Chicago aliweza kuliwa New York nyama yake ikiwa bado mbichi. Mwaka 1900 ulipofika, viwanda vya mazizi hayo vilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 25,000.

Ndani ya viwanda hivyo, mnyama ndiye aliyetembea na mtu alisimama. Nguruwe alinaswa mguu kwa mnyororo, akanyanyuliwa na gurudumu kubwa, akapitishwa mbele ya safu ya watu. Huyu alikata koo, yule alikwangua manyoya, wa tatu alipasua tumbo, wa nne alitoa matumbo, kila mmoja na tendo lake moja kutwa nzima. Fundi wa zamani aliyejua kumshughulikia ng'ombe tangu kisu cha kwanza hadi ngozi kuanikwa hakuwa na nafasi tena. Kazi yake iligawanywa vipande vidogo ambavyo mgeni aliyeshuka melini juzi angeweza kufundishwa asubuhi na kuvifanya mchana. Henry Ford mwenyewe aliandika baadaye kwamba wazo la mstari wake wa kuunda magari, ulioanza kutembea mwaka 1913, lilitokana na machinjio ya Chicago. Na mwenye kiwanda aliyetaka faida zaidi hakulazimika kuongeza watu. Aliongeza mwendo wa mnyororo.

Vibarua walikusanyika langoni kabla ya jua kuchomoza. Mnyapara alitoka, akawatazama kama mtu anavyotazama mifugo mnadani, akawaita wenye mabega mapana, na waliobaki wakarudi nyumbani. Aliyechaguliwa hakujua atafanya kazi saa ngapi, kwa kuwa mifugo ikichelewa alingoja bila malipo, na ikija mingi alikaa hadi usiku. Waliokuwa kwenye vyumba vya baridi waliumwa viungo. Waliokuwa kwenye magadi na asidi walioza vidole. Kifua kikuu kilisambaa katika vyumba vya giza vyenye unyevu, kisha kikafuatana na wafanyakazi hadi nyumbani.

Nyumbani ni nyuma ya mazizi, katika mtaa ambao wenyeji waliuita Packingtown. Upande mmoja yalikuwepo majalala ya jiji, upande mwingine tawi la Mto Chicago lililopokea damu na mafuta ya viwanda. Uchafu ulioza chini ya maji na kutoa gesi, povu likapanda juu, na watu wakakiita kijito hicho Bubbly Creek. Wairishi na Wajerumani ndio waliotangulia kufanya kazi hapo, wakafuatwa na Wacheki, kisha Wapolandi, Waslovakia na Walithuania. Kila kundi jipya lilikuta kundi lililotangulia limeanza kudai ujira bora, na kila mara wenye viwanda walilitumia lile jipya kulinyamazisha la zamani. Utaratibu huo wa kutumia maskini mgeni dhidi ya maskini mwenyeji ndio ulioamua mengi katika habari hii, kuliko kitabu chochote.

Julai 1904 wafanyakazi waligoma. Chama chao, Amalgamated Meat Cutters, chini ya Michael Donnelly, kilifanya jambo ambalo vyama vya mafundi havikuwa na desturi nalo: wenye visu, waliolipwa vizuri, waliweka kazi zao hatarini ili vibarua wa kufagia na kusukuma mikokoteni wahakikishiwe ujira wa chini kwa saa. Maelfu walitoka viwandani. Wenye viwanda wakajibu kwa treni zilizojaa wavunja mgomo, wengi wao Wamarekani Weusi kutoka kusini, ambao baadhi yao hawakuambiwa kwamba kuna mgomo. Walilazwa ndani ya viwanda na kulishwa humo humo, maana nje walingojwa na watu wenye mawe. Mapema Septemba fedha za chama zilikuwa zimekwisha na watoto walikuwa na njaa. Jane Addams na Mary McDowell, wanawake wawili waliokuwa wamejenga makazi ya huduma kati ya maskini wa Chicago, walimwendea J. Ogden Armour kumwomba awape wagomaji njia ya kurudi kazini. Wagomaji walirudi kazini bila kupata walichokidai.

Habari ya kushindwa huko ilimfikia kijana aliyekaribia kutimiza miaka 26, aliyeitwa Upton Sinclair. Alikuwa mwandishi asiye na fedha, mwenye mke na mtoto mdogo, aliyekuwa ametoka kuchapisha riwaya iitwayo Manassas kuhusu nyakati za utumwa. Fred Warren, mhariri wa gazeti la wajamaa Appeal to Reason lililochapishwa katika mji mdogo wa Girard, Kansas, aliisoma akamwambia: umeandika habari za watumwa wa zamani, sasa andika za watumwa wa ujira. Akampa dola 500.

Sinclair alikaa Chicago wiki saba mwishoni mwa mwaka 1904. Alivaa nguo zilizochakaa, akashika kopo la chakula mkononi kama kibarua, akapita malangoni na kuingia vyumbani bila kuulizwa. Jioni aliketi majikoni mwa wafanyakazi na kuwasikiliza. Alikutana pia na Adolphe Smith, mwandishi wa jarida la kitabibu la Uingereza The Lancet, aliyekuwa akichunguza machinjio hayo hayo, na kutoka kwake akajua kwamba hali aliyoiona haikuwa desturi ya lazima ya biashara ya nyama, kwa kuwa Ulaya ilikuwa na machinjio safi ya umma. Alichokuwa bado hajakipata ni watu wa riwaya yake. Jumapili moja alipita karibu na baa akaona harusi ya Walithuania ikiingia ukumbi wa nyuma. Akaingia, akakaa ukutani, akawatazama bibi harusi, wazee na wapiga fidla hadi usiku. Hao ndio wakawa Jurgis Rudkus, Ona na jamaa zao, na harusi hiyo ikawa sura ya kwanza ya The Jungle.

Riwaya ilianza kutoka gazetini Februari 1905. Jurgis ni mtu mwenye nguvu anayeamini kwamba kila shida ina jibu moja, kufanya kazi kwa bidii zaidi. Kiwanda kinamvunja hatua kwa hatua. Anaumia mguu na kufukuzwa, nyumba waliyoilipia wanatapeliwa, Ona anadhalilishwa na msimamizi wake wa kazi kisha anakufa katika uzazi, na mtoto wao wa kiume anazama katika tope la mtaani. Ni kitabu kizito, na sura zake za mwisho zinageuka kuwa hotuba. Lakini sehemu kubwa ya kitabu inamwonyesha msomaji, bila kumwachia pa kukimbilia, jinsi mtu mwema anavyoweza kufanya kila alichofundishwa na bado akaangamia. Wachapishaji watano walikikataa. Kampuni ya Doubleday, Page haikukichapa mpaka ilipomtuma mtu wake Chicago kuthibitisha, kisha ikakitoa Februari 1906.

Kishindo chake kilikuwa kikubwa, ila hakikuwa kile alichokitaka mwandishi. Katika kurasa chache Sinclair alikuwa ameeleza jinsi nyama iliyooza ilivyotiwa dawa na kurudishwa kwenye soseji, panya waliokufa kwa sumu walivyosagwa pamoja nayo, na ng'ombe wagonjwa walivyochinjwa usiku wakaguzi wakiwa hawapo. Wasomaji walikwenda moja kwa moja kwenye kurasa hizo. Wake wa nyumbani waliandika barua kwa wabunge, na wauza nyama waliona wateja wakipungua. Sinclair alisema baadaye kwamba aliulenga moyo wa watu, akalipiga tumbo lao kwa bahati mbaya.

Rais Theodore Roosevelt hakuwapenda wajamaa, wala hakumpenda sana Sinclair. Lakini mwaka 1898 alikuwa amepigana vita vya Cuba, ambako askari walilalamikia nyama ya makopo kuliko walivyozilalamikia risasi, na jambo hilo hakulisahau. Aliwatuma Chicago watu wawili, Charles Neill, kamishna wa kazi, na James Reynolds, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Wenye viwanda walipata habari na kuanza kupiga chokaa. Hata hivyo wageni hao waliona nyama ikikusanywa kwa koleo kutoka sakafu chafu za mbao. Waliona mzoga wa nguruwe ukianguka, ukateleza hadi ukaingia nusu chooni, ukaokotwa na kutundikwa pamoja na mingine bila kuoshwa. Waliona pia wanawake wakifanya kazi katika vyumba visivyo na hewa, sakafu zikiwa zimelowa, baridi ikikaribia ile ya barafu kuganda.

Roosevelt aliifungia ripoti ya watu hao mezani kwanza, kwa sababu alitaka sheria zaidi ya fedheha. Seneta Albert Beveridge wa Indiana alikuwa ameandika muswada mkali. Katika Baraza la Wawakilishi, James Wadsworth, mwenyekiti wa kamati ya kilimo na mwenyewe mfugaji, akaanza kuupunguza makali. Rais akaona hana njia nyingine, akaitoa ripoti Juni 4. Nchi ilichafukwa, na Ulaya, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeitilia shaka nyama ya Marekani, ilipata sababu nyingine. Juni 30, 1906 Roosevelt alitia saini sheria mbili kwa siku moja, ya ukaguzi wa nyama na ya usafi wa vyakula na dawa.

Tangu hapo kila mzoga uliokusudiwa kuvuka mpaka wa jimbo ulipaswa kupita mikononi mwa mkaguzi wa serikali. Beveridge alitaka gharama ilipwe na wenye viwanda, na kila kopo liandikwe tarehe. Yote mawili yaliondolewa. Hazina ya taifa ilibeba dola milioni 3 kwa mwaka, na kampuni kubwa zikapata muhuri wa serikali uliozifungulia masoko ya nje. Katika sheria hiyo yote, yenye vifungu kuhusu mizoga, makopo, maji na sakafu, hapana hata kifungu kimoja kuhusu saa za kazi, ujira, kidole kilichokatika au mjane wa aliyekufa. Riwaya iliyoandikwa kwa ajili ya Jurgis ilikuwa imemtetea aliyemla ng'ombe, ikamwacha aliyemchinja. Sikumbuki kisa kinachoonyesha wazi zaidi kwamba jamii huweza kusoma habari za mateso ya wengine, ikashtuka kwa dhati, kisha ikajiokoa yenyewe.

Kitabu chenyewe kilikuwa na upofu wake, na ni haki kuusema. Sinclair, aliyewaona Walithuania kama watu wazima wenye nyimbo, heshima na majina, aliwaandika wavunja mgomo Weusi kwa dharau ile ile iliyotumiwa na magazeti ya mabwana aliowapinga. Hakuuliza wametoka wapi wala wanakimbia nini. Na hao ndio waliokuwa wanakuja kuishika kazi hiyo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikata njia ya wahamiaji kutoka Ulaya wakati ambapo majeshi yalihitaji nyama. Familia za Weusi zikapanda treni kutoka Mississippi, Alabama na Louisiana, zikikimbia mashamba ya kugawana mavuno yasiyowaachia kitu na makundi yaliyonyonga watu bila kesi. Vita vilipokaribia kwisha, zaidi ya 10,000 kati yao walikuwa katika machinjio ya Chicago. John Fitzpatrick na William Z. Foster walianzisha mwaka 1917 baraza la vyama lililotaka kuwaunganisha wafanyakazi wote wa mazizi, na Machi 1918 Jaji Samuel Alschuler, msuluhishi wa serikali, aliamua kwamba siku ya kazi iwe saa nane. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini wafanyakazi Weusi wengi walisita kujiunga. Walikumbuka vyama vilivyowafungia milango kwa miaka, na walijua kwamba kiwanda kiliwapa kazi siku ambazo chama kiliwaita adui.

Julai 6, 1919 baraza hilo liliandaa maandamano ya Weusi na Weupe pamoja. Polisi walikataza wasitembee kwa pamoja, hivyo yakafanyika maandamano mawili, yakakutana uwanjani katika mtaa wa Weusi, na wazungumzaji wa rangi zote wakapanda jukwaa moja. Wiki tatu baadaye, Julai 27, kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea Ziwa Michigan akavuka mpaka usioandikwa kati ya ufuo wa Weupe na wa Weusi. Mzungu mmoja alirusha mawe, kijana akazama, na polisi aliyekuwepo akakataa kumkamata mrushaji. Machafuko yaliyofuata yaliua watu 38, Weusi 23 na Weupe 15. Weusi wengi walishambuliwa wakienda au wakitoka kazini, wakipita katika mitaa ya Wazungu iliyozunguka mazizi. Agosti 2 moto uliteketeza nyumba za Walithuania nyuma ya mazizi na kuwaacha watu 948 bila makazi. Lawama ziliwaangukia Weusi mara moja, lakini jopo la uchunguzi la mahakama lilisema liliamini kwamba moto uliwashwa na wengine ili lawama hizo ziwaangukie. Mgomo wa wafanyakazi wa mwishoni mwa 1921 ulivunjwa mapema 1922, na vyama vikafa kwa miaka 15.

Waliovifufua walikuwa wameusoma mwaka 1919 kwa uchungu. Mwaka 1937 kamati mpya ya kuwapanga wafanyakazi wa nyama iliundwa, na tangu mwanzo iliweka waandaaji Weusi kama Hank Johnson mstari wa mbele, pamoja na Wazungu kama Herb March. Ilikataa kufanya mkutano mahali palipotenganisha rangi. Ilianza na madai ya chumba kwa chumba: nyota iliyotiwa kwenye kadi za Weusi ili wajulikane wakati wa kupunguza watu iondolewe, choo kiwekwe, mnyororo upunguzwe mwendo. Waliposimamisha kazi, walisimama wote, na nyama hukaa muda mfupi tu kabla ya kuoza. Mwaka 1941 Armour ilikubali mkataba mkuu. Mwaka 1943 kamati hiyo ikawa chama kamili, United Packinghouse Workers.

Mwaka huo wa 1941 msichana Mweusi aliyezaliwa Mississippi, Addie Wyatt, alikwenda Armour kuomba kazi ya kupiga chapa. Alijua kupiga chapa vizuri. Walimpeleka kujaza mchuzi wa nyama makoponi, kwa sababu ofisi ilikuwa ya wanawake wa Kizungu. Huko kwenye makopo alikuta mkataba wa chama uliompa ujira bora kuliko alivyotarajia, na akamwona msimamizi akilazimishwa kuuheshimu. Akawa kiongozi wa tawi lake, kisha mmoja wa wanawake mashuhuri katika vyama vya wafanyakazi vya Marekani. Chama chake kilichangia mapema harakati za haki za raia za kusini. Oktoba 1957 Martin Luther King alihutubia mkutano wa chama hicho Chicago na kupokea dola 11,000 kwa ajili ya shirika lake jipya. Sehemu ya fedha za vita dhidi ya ubaguzi ilitoka katika mishahara ya watu waliosimama kwenye damu ya ng'ombe, Weupe na Weusi.

Upton Sinclair aliishi miaka mingi. Aligombea ugavana wa California mwaka 1934 akashindwa, na hakuacha kuandika. Desemba 1967, akiwa na miaka 89, alialikwa Ikulu kushuhudia Rais Lyndon Johnson akitia saini sheria mpya ya ukaguzi wa nyama. Ilikuwa, kwa mara nyingine, sheria ya nyama. Ile ya usalama wa mfanyakazi kazini ilitiwa saini Desemba 1970, miaka miwili baada ya kifo chake na 64 baada ya ile aliyoisababisha. Miezi saba baadaye mazizi ya Chicago yalifungwa. Kampuni kubwa zilikuwa zimeanza kuhamia vijijini, mbali na ngome za vyama, na ujira ukashuka.

Kazi hiyo sasa inafanywa na wageni wapya: Wameksiko, Waguatemala, Waburma, Wasomali, Wakongo. Aprili 2020 maafisa wa afya wa Marekani walikagua kiwanda cha nguruwe cha Smithfield katika mji wa Sioux Falls, South Dakota, ambako korona ilikuwa imesambaa kati ya watu waliosimama bega kwa bega kwenye mstari. Waliandika kwamba lugha zipatazo 40 zilizungumzwa humo, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa kumi za juu. Idara ya usalama kazini ilihesabu wafanyakazi wasiopungua 1,294 walioambukizwa na wanne waliokufa. Septemba mwaka huo iliiandikia kampuni faini ya dola 13,494, kiwango cha juu kabisa ambacho sheria iliruhusu kwa kosa hilo.